Martin Kayamba wa Tanga na Mzozo wa Mustakabali wa Tanganyika

1.0 Utangulizi

Historia ya siasa ya Tanganyika kabla ya uhuru huelezwa mara nyingi kuanzia Dar es Salaam, na aghalabu kuanzia kuasisiwa kwa African Association mnamo 1929. Mji wa Tanga hutajwa kwa vita vya Novemba 1914, kwa mkonge, au kwa ushairi wake mashuhuri. Hata hivyo, chama cha kwanza cha kisasa cha Waafrika katika Tanganyika ya Waingereza kilizaliwa Tanga, na mwasisi wake ndiye aliyekuwa miongoni mwa Waafrika watatu wa nchi hiyo waliosikilizwa London mwaka 1931, wakati Bunge la Uingereza lilipokuwa likijadili iwapo Tanganyika iunganishwe na Kenya na Uganda. Mtu huyo ni Martin Kayamba.

Makala haya yanasimulia maisha ya Kayamba kwa kuyahusisha na mzozo huo wa kidiplomasia. Swali lililozua mzozo lilikuwa jepesi kutamka na gumu kujibu: baada ya Wajerumani kushindwa, Tanganyika ilikuwa nchi ya nani? Makala yanajaribu kuonyesha kwamba swali hilo halikuwa la mawaziri na mabalozi peke yao. Lilikuwa pia swali la makarani, watemi na wakulima, na katika maisha ya Kayamba lilipata sura ya mtu mmoja aliyewahi kuishi chini ya bendera zote mbili zilizogombea nchi yake. Aidha, kwa kuwa Kayamba aliandika safari yake kwa Kiswahili, maisha yake yanaihusu pia historia ya nathari ya lugha hii.

2.0 Nasaba na Malezi

Kayamba alizaliwa Mbweni, Unguja, tarehe 2 Februari 1891. Kwa asili, hata hivyo, alikuwa mtu wa bara la kaskazini. Baba yake, Hugh Peter Kayamba, alikuwa mwana wa Mwelekwanyuma, mtawala wa Kilole katika nchi ya Bonde, na kwa ukoo huo nasaba yake ilipanda hadi kwa Kimweri za Nyumbai, Simba Mwene wa Usambara. Wasomaji wa Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy kilichoanza kuchapwa Magila katika miaka ya 1890, wanaijua vyema habari ya ukoo huo: namna ulivyotawala milima na tambarare, na namna Wabondei walivyouasi baada ya Kimweri kufa, katika machafuko yaliyoitwa Kiva. Kwa hiyo Kayamba alirithi jina kubwa la utawala uliokwisha kuvunjika. Alikuwa mjukuu wa watawala, lakini hakuachiwa kiti cha kukalia.

Alichoachiwa ni elimu. Misheni ya Vyuo Vikuu iliyokuwa na makao Unguja na Magila ilimpokea Hugh Peter Kayamba angali kijana, ikamsomesha Kiungani, kisha ikampeleka Uingereza kusoma katika miaka ya 1880. Mtoto wake Martin alipita njia hiyohiyo kwa sehemu kubwa. Alisoma Magila na Kiungani, na Kiungani akafundisha kwa muda. Shule hizo zilikuwa na tabia mbili zilizoathiri maisha yake yote. Ya kwanza ni kwamba zilikusanya vijana wa makabila mengi, wengine wana wa machifu na wengine wana wa watu waliokombolewa katika utumwa, zikawafundisha kuishi pamoja kwa lugha ya Kiswahili. Ya pili ni kwamba ziliwapa Kiingereza kabla ya lugha hiyo kuwa lugha ya serikali huko kwao. Wakati huo upande wa bara ulitawaliwa na Wajerumani.

Mpaka uliogawa pwani hiyo ulikuwa mchanga kuliko baba yake. Mkataba wa 1886 kati ya Uingereza na Ujerumani ulichora mstari kuanzia mlango wa Mto Umba na kumwachia Sultani wa Unguja ukanda wa maili 10 tu. Mwaka 1888 ukanda huo ulikodishwa kwa kampuni ya Wajerumani, watu wa Pangani wakainuka chini ya Abushiri bin Salim, na baada ya Abushiri kunyongwa Desemba 1889 ukanda wenyewe ulinunuliwa kwa marki milioni 4. Watu wa Tanga, Pangani na Bonde walikuwa na jamaa Mombasa na Unguja waliojikuta ghafla chini ya dola nyingine. Kayamba mwenyewe aliuvuka mpaka huo mara nyingi. Alipoacha ualimu alifanya kazi za ukarani na biashara katika sehemu za Waingereza, yaani Kenya, Uganda na Unguja, kabla ya kurejea katika nchi ya wazee wake.

3.0 Kifungo na Ofisi

Vita vya 1914 vilimkuta upande wa Wajerumani. Kwa mtu aliyesoma katika misheni ya Kiingereza, aliyejua Kiingereza na aliyetoka kufanya kazi kwa Waingereza, hali hiyo ilikuwa ya hatari. Baada ya jeshi lililotoka Bara Hindi kushindwa Tanga kati ya tarehe 3 na 5 Novemba 1914, shuka ziliongezeka juu ya kila aliyekuwa na uhusiano na misheni hiyo. Walimu na makasisi wengi Waafrika wa Bonde walikamatwa, wakafungwa na kutumikishwa. Kayamba alikuwa mmoja wao. Aliteseka katika kifungo hadi mwaka 1916, majeshi ya Waingereza na Wabelgiji yalipoitwaa sehemu kubwa ya nchi.

Jambo hili halina budi kukumbukwa na kila anayesoma msimamo wake wa baadaye. Wako waliomhukumu Kayamba kuwa aliwapenda Waingereza kupita kiasi. Lakini mtu aliyefungwa kwa kushukiwa ujasusi katika nchi ya babu zake hakuweza kuliona suala la kurudi kwa Wajerumani kama mchezo wa ramani. Kwake, bendera ipi ipepee Tanga lilikuwa suala la usalama wa mwili.

Mwaka 1917 aliingia katika utumishi wa serikali mpya huko Tanga. Waingereza waliurithi mji uliokuwa na watu waliosoma. Shule ya serikali ya Tanga, iliyofunguliwa na Wajerumani mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilikuwa imetoa makarani, walimu na maakida wa nchi nzima, na gazeti la Kiongozi lililochapwa hapo lilisomwa mbali na pwani. Wahitimu hao wengi wao walikuwa Waislamu. Vijana wa Magila na Kiungani walikuwa Wakristo. Makundi haya mawili yaliandika Kiswahili kimoja, lakini yalitoka katika malezi tofauti na wakati mwingine yalitazamana kwa shaka. Kayamba alipanda ngazi ya ofisi ya wilaya haraka, hata mnamo 1923 akawa karani mkuu. Cheo hicho kilikuwa cha juu kwa Mwafrika katika wakati ambapo nafasi za namna hiyo zilidhaniwa kuwa haki ya Wazungu na Wahindi.

4.0 Chama cha 1922

Mwaka 1922 Kayamba aliongoza kuasisiwa kwa Tanganyika Territory African Civil Services Association, yaani chama cha watumishi Waafrika wa serikali. Kwa nje kilikuwa chama cha kawaida: mahali pa kukutana baada ya kazi, kusoma magazeti, kucheza mpira na kuzungumzia mishahara na masharti ya kazi. Hakikudai uhuru, wala hakikuwa na sauti ya ukali. Lakini mambo mawili yalikitofautisha na vyama vya ngoma vilivyojaa pwani wakati ule. Kwanza, kiliwaweka Waislamu na Wakristo, watu wa pwani na watu wa bara, chini ya uongozi mmoja. Pili, katika jina lake lenyewe kilitumia maneno mawili mapya: Tanganyika na Mwafrika.

Jina la Tanganyika lilikuwa limetumika rasmi kwa nchi nzima tangu 1920 tu. Lilikuwa jina la ziwa ambalo wengi wa wanachama hawajaliona. Makarani wa Tanga walikuwa miongoni mwa wa kwanza kulichukua kuwa jina lao. Walihamishwa kituo hadi kituo, wakaijua nchi kwa barua, kodi na reli, na kwa hiyo waliiona kuwa kitu kimoja kabla ya wakulima wengi kuiona hivyo. Chama kilifungua tawi Dar es Salaam, na baadhi ya watu waliopitia humo walikuja kuonekana tena katika African Association. Hivyo wazo kwamba kuna watu wanaoweza kusema kwa niaba ya Waafrika wa Tanganyika lilipata chombo Tanga miaka 7 kabla ya 1929.

5.0 Nchi ya Nani?

Mwaka huohuo wa 1922 Ligi ya Mataifa ilithibitisha udhamini wa Uingereza juu ya Tanganyika. Kwa Mkataba wa Versailles wa 1919 Ujerumani ilikuwa imeacha haki zake zote juu ya makoloni, lakini haikuziacha kwa Uingereza. Iliziacha kwa mataifa makubwa yaliyoshinda, nayo yakagawana utawala kwa masharti ya Ligi. Kifungu cha 22 cha Katiba ya Ligi kilisema kwamba maslahi na maendeleo ya wenyeji ni dhamana takatifu ya ustaarabu. Mtawala alitakiwa kupeleka taarifa kila mwaka Geneva, zikachunguzwe na Tume ya Kudumu ya Udhamini.

Masharti hayo yaliacha pengo kubwa. Hayakusema nani mwenye mamlaka kamili ya dola. Wanasheria wa wakati ule hawakuafikiana: wengine walisema ni Ligi, wengine mataifa yaliyoshinda, wengine Uingereza yenyewe, na wachache walithubutu kusema kwamba mamlaka ni ya wenyeji, yamewekwa amana tu. Tofauti hizo zilikuwa na matokeo ya kila siku. Mlowezi aliyetaka kupanda mkonge au kahawa alitaka kujua kama hati yake ya ardhi itadumu. Benki nayo ilitaka kujua hivyohivyo kabla ya kukopesha.

Katika pengo hilo ndimo ulimoingia mradi wa shirikisho. Leopold Amery, aliyekuwa Waziri wa Makoloni kuanzia 1924 hadi 1929, aliamini kwamba Kenya, Uganda na Tanganyika ziunganishwe ziwe dola moja kubwa chini ya Uingereza. Kenya, Gavana Edward Grigg aliushika mradi huo kwa nguvu. Bwana Delamere, kiongozi wa walowezi, aliwakusanya walowezi wa nchi mbalimbali katika mikutano ya Tukuyu mwaka 1925, Livingstone mwaka 1926 na Nairobi mwaka 1927. Walowezi wa Kenya hawakuwa na nia moja daima, lakini walio wengi walitarajia kwamba shirikisho lingeongozwa kutoka Nairobi na kwamba sauti yao ndiyo ingesikika. Sheria za Kenya kuhusu ardhi ya Wazungu, kazi na kipande zilijulikana vyema upande wa pili wa Umba, maana watu wa Tanga walikwenda na kurudi Mombasa.

Gavana wa Tanganyika, Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, aliupinga mradi huo. Alikuwa amejenga utawala wa kupitia machifu na mabaraza ya wenyeji, na aliona kwamba Nairobi ingeuvunja. Silaha yake kubwa ilikuwa udhamini. Kifungu cha 10 cha hati ya udhamini kiliiruhusu Uingereza kuiunganisha Tanganyika na nchi jirani katika ushuru, fedha na utawala, mradi tu jambo hilo lisiyavunje masharti ya udhamini. Waliotaka shirikisho walisoma sehemu ya kwanza ya kifungu. Waliolipinga walisoma sehemu ya pili.

Ujerumani nayo ilisoma kwa makini. Iliingia katika Ligi mwaka 1926 na mwaka uliofuata ikapata mjumbe katika Tume ya Udhamini. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 raia wake waliruhusiwa kurudi Tanganyika, na wengi walirudi katika mashamba ya Usambara na nyanda za kaskazini. Serikali ya Berlin ilidai kwamba shirikisho lingekuwa njia ya kuitwaa nchi kinyemela, na kwamba udhamini haukuwa umiliki. Dai hilo lilikuwa na mantiki ya kisheria, ingawa lengo lake halikuwa kuwapa wenyeji nchi yao. Hivyo Mwafrika wa Tanga aliyelipinga shirikisho alijikuta upande mmoja na watu ambao hakutaka warudi. Kukataa Nairobi bila kuikaribisha Berlin ndiko kulikuwa kugumu.

Tume iliyoongozwa na Hilton Young ilizuru Afrika Mashariki mwaka 1928, na ripoti yake ilitoka Januari 1929. Wajumbe walio wengi hawakukubali walowezi wapewe madaraka ya kujitawala, wakasisitiza maslahi ya wenyeji. Mwaka 1930 serikali ya chama cha Leba, ambayo waziri wake wa makoloni alikuwa Bwana Passfield, ilitoa mapendekezo yake na kuyapeleka mbele ya kamati ya pamoja ya mabaraza mawili ya Bunge. Kamati hiyo ndiyo iliyoamua kuwasikiliza Waafrika.

6.0 London, 1931

Serikali ya Tanganyika iliwateua mashahidi watatu. Wa kwanza alikuwa Mtemi Makwaia wa Usiha, Shinyanga. Wa pili alikuwa Francis Lwamgira wa Bukoba, katibu wa baraza la machifu wa Wahaya na mwandishi wa historia ya Kiziba. Wa tatu alikuwa Kayamba. Uteuzi huo ulikuwa na maana. Makwaia na Lwamgira waliwakilisha utawala wa wenyeji ambao Cameron aliujenga. Kayamba aliwakilisha kundi ambalo utawala huo haukulipa nafasi: wasomi wa mijini. Hata hivyo, kwa ukoo wake wa Kilindi, alikuwa pia mtu ambaye machifu wangeweza kumtambua kuwa wa jamaa yao. Ni nadra sifa hizo mbili kukutana katika mtu mmoja.

Mashahidi wa nchi jirani walikuwepo pia. Kutoka Uganda alikuja, pamoja na wengine, Serwano Kulubya, mweka hazina wa Buganda, aliyeeleza kwa ufasaha hofu ya Waganda kwamba shirikisho lingeumeza mkataba wao na Uingereza. Kutoka Kenya walikuja Koinange wa Mbiyu, James Mutua na Ezekiel Apindi. Wajumbe wa Kikuyu Central Association, Parmenas Mockerie na Jomo Kenyatta, walikuwa London wakati huohuo, lakini kamati haikuwasikiliza. Mlango ulifunguliwa kwa wale tu waliochaguliwa na serikali zao.

Mbele ya kamati, mashahidi wa Tanganyika walilikataa shirikisho. Kiini cha maelezo yao kilikuwa kwamba watu wao hawakuiona faida yake, na walihofia kuwekwa chini ya nguvu za walowezi wa Kenya. Waliutetea utawala wa nchi yao kama ulivyokuwa, pamoja na mabaraza yake. Kayamba, aliyeyajua masharti ya kazi ya pande zote mbili za mpaka, aliweza kulieleza jambo hilo kwa Kiingereza bila kupitia kwa mkalimani.

Ushahidi huo ulikuwa na mipaka yake. Mashahidi walipelekwa na serikali, wakasema jambo ambalo serikali yao yenyewe ilitaka lisemwe. Hawakudai kura, wala viti katika Baraza la Kutunga Sheria, ambalo tangu kuundwa kwake mwaka 1926 halikuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja na lingeendelea hivyo hadi 1945. Kwa mtazamo huo mtu anaweza kusema kwamba Kayamba aliukinga ukoloni wa aina moja dhidi ya ukoloni wa aina nyingine. Hukumu hiyo ni ya kweli kwa sehemu, lakini haitoshi. Mwaka 1931 nchi ilikuwa na Waafrika takriban milioni 5 na Wazungu wapatao 8,000, na lililokuwa likiamuliwa ni kama hao wachache wangeungana na wenzao wa Kenya na kuweka msingi wa dola ya walowezi kuanzia Nairobi hadi kusini. Yaliyotokea Rhodesia ya Kusini, ambako walowezi walipata serikali yao mwaka 1923, yalionyesha jambo hilo linavyoweza kwenda. Palipokuwa na njia mbili tu mezani, kuchagua ile isiyofunga mlango wa kesho hakukuwa utumwa wa fikra.

Kamati ilitoa ripoti yake Oktoba 1931. Iliamua kwamba wakati haukuwa umefika wa kuziunganisha nchi hizo, badala yake ikapendekeza mikutano ya magavana iendelezwe katika mambo ya pamoja. Mdororo wa uchumi na upinzani wa Cameron, wa Wahindi na wa Geneva vilichangia uamuzi huo. Lakini upinzani wa Waafrika waliofika mbele ya kamati ulihesabiwa pia, na hilo lilikuwa jambo jipya katika siasa ya Afrika Mashariki.

7.0 Safari Ikawa Kitabu

Mwaka 1932 Sheldon Press ya London ilichapisha kitabu cha Kayamba kiitwacho Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Kwa mwanafunzi wa fasihi, kitabu hiki kinastahili kuwekwa katika mfululizo wa habari za safari za Waswahili. Mwanzoni mwa karne, Carl Velten alikuwa amechapisha Safari za Wasuaheli mwaka 1901, mkusanyo wa habari zilizoelezwa na watu wa pwani waliofuatana na Wajerumani, baadhi yao hadi Ulaya. Habari hizo zilikusanywa na Mzungu ili zisomwe na Wazungu waliokuwa wakijifunza Kiswahili. Kayamba aliandika kwa ajili ya watu wake. Msafiri wa Kiswahili alikuwa amebadilika: hakuwa tena mtumishi wa msafara, bali shahidi aliyeitwa kutoa neno.

Kichwa cha kitabu chenyewe kina mafunzo. Kitenzi kiko katika nafsi ya kwanza wingi, kana kwamba safari haikuwa ya mtu mmoja bali ya ujumbe. Kuona kunatangulia kutenda. Msomaji wa nyumbani alihitaji kwanza kuionyeshwa Uingereza, miji yake, kazi zake na watu wake, ndipo aelewe kilichotendwa huko. Kuna maana ya kisiasa katika mpangilio huo. Nchi iliyodai kuwa mdhamini sasa ilitazamwa na kupimwa na yule aliyewekwa chini ya udhamini.

Wakati wa kuchapishwa kwake pia unafaa kutajwa. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930, ilikuwa ikisanifisha tahajia na msamiati wa Kiswahili kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja kwa pamoja. Serikali nne zilizoshindwa kuungana katika utawala zilikubaliana katika lugha ya vitabu. Kayamba, aliyelipinga shirikisho la magavana, aliandika katika lugha ambayo yenyewe ilikuwa shirikisho la aina nyingine, na ambalo halikuhitaji idhini ya Geneva wala ya Nairobi.

8.0 Miaka ya Mwisho

Baada ya kurudi, Kayamba alihamishiwa Sekretarieti ya Dar es Salaam, katika cheo ambacho hakuna Mwafrika wa Tanganyika aliyekuwa amekifikia kabla yake. Margery Perham alipohariri kitabu cha maisha ya Waafrika kumi, kilichotoka mwaka 1936, simulizi ya Kayamba ilikuwa miongoni mwake. Aliandika pia kwa Kiingereza juu ya elimu, kilimo na matatizo ya Waafrika, na maandishi yake mengine yalichapishwa mwaka 1948, baada ya yeye kufariki.

Katika miaka hiyo swali la nchi ni ya nani lilirudi kwa sura mbaya zaidi. Utawala wa Hitler, ulioshika madaraka mwaka 1933 na kujitoa katika Ligi mwaka huohuo, ulidai makoloni yarudishwe. Wako wanasiasa wa Ulaya waliofikiri kwamba amani inaweza kununuliwa kwa kuitoa Tanganyika au nchi nyingine ya Afrika. Mwaka 1938 walowezi Waingereza walianzisha chama cha kupinga jambo hilo. Waafrika hawakuulizwa. Watu waliopewa nafasi ya kusema mwaka 1931 juu ya kuunganishwa na Kenya hawakupewa nafasi kama hiyo juu ya kurudishwa kwa Ujerumani. Hapo ndipo udhaifu wa sauti ya kualikwa ulipoonekana wazi: aliyealikwa kusema anaweza pia kuachwa bila kualikwa. Kayamba alistaafu akafariki kabla ya kutimiza miaka 50.

9.0 Hitimisho

Maisha ya Kayamba hayamfanyi shujaa wa kudai uhuru, wala haifai kumlazimisha awe hivyo. Alikuwa mtumishi wa serikali aliyeamini elimu, utaratibu na hatua za polepole. Thamani yake katika historia iko mahali pengine. Huko Tanga alisaidia kuunda kundi la watu waliojiita Waafrika wa Tanganyika katika wakati ambapo dola zilikuwa bado zinabishana kama Tanganyika ni nchi, amana au rehani. London alisema, pamoja na wenzake wawili, kwamba wenyeji wana neno katika mabishano hayo.

Neno hilo lilikuwa dogo, lakini lilihifadhi kitu. Kwa kuwa Tanganyika haikumezwa na shirikisho la walowezi, hadhi yake ya kimataifa ilidumu. Mwaka 1946 ikawa nchi ya udhamini ya Umoja wa Mataifa, na ni mbele ya Baraza la Udhamini, New York, ambapo Julius Nyerere aliweza kusimama Machi 1955, safari hii akiwa ametumwa na chama wala si na gavana. Miaka 6 baadaye, tarehe 9 Desemba 1961, swali la nchi ni ya nani lilipata jibu.

Suala la shirikisho lenyewe halikufa. Lilirudi katika vyombo vya pamoja vya mwaka 1948, katika Jumuiya ya 1967 iliyovunjika mwaka 1977, na katika Jumuiya iliyofufuliwa kwa mkataba wa 1999. Tofauti ni kwamba mataifa yaliyounda jumuiya hizi mbili za mwisho yaliingia kwa hiari yao yenyewe. Kayamba na wenzake hawakusema kwamba jirani hawapaswi kuungana. Walikataa kuunganishwa na wengine, kwa faida ya wengine, na tofauti hiyo ya kitenzi ndiyo iliyobeba uzito wote wa ushahidi wao.